Neno Nililosema kwa Jina Lako

Namatala, Mbale
Jumanne

Mama yangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Unaendeleaje na mvua za huko Bugembe? Goti limepoa? Sisi huku tuko salama, watoto wamerudi shule. Nimeandika Kiswahili ili Dada Kadija akusomee, maana kwa simu nisingefika mwisho. Dada Kadija, nakusalimu wewe na watu wa nyumbani kwako. Tafadhali usiruke neno, hata utakapotamani kuruka.

Mama, yule mgonjwa wetu uliyekuwa ukimwombea amefariki. Alikata roho Jumapili mchana, na jana tulimzika.

Unajua kazi yangu kanisani ni kupokea watu mlangoni. Mwezi wa pili aliingia mwanamume amekonda, anakohoa, viatu havifanani. Watu walimpisha. Mimi nilimkumbatia kama ninavyomkumbatia kila mtu, nikamwambia karibu nyumbani. Akalia pale pale mlangoni. Baadaye tulimkuta katika chumba cha mabati nyuma ya soko, amelala juu ya magunia. Akina mama tukagawana siku za kumpikia na kumfulia. Mimi nikapewa Ijumaa. Nilipokusimulia, uliniambia nisimwache, kwa kuwa hana ndugu.

Ijumaa ya tatu aliniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia ni Busiu, ila mama yangu alihama baada ya kaka yangu kuuawa. Akaweka kikombe chini, akauliza jina la kaka. Nikasema Wanyera. Akageukia ukutani.

"Dada, usije tena," akasema. "Mimi ni Herbert."

Ndiyo, Mama. Herbert yule yule aliyempiga Wanyera kwa jembe, wakigombea mpaka wa shamba la mahindi. Alimaliza kifungo, kwao wakamkataa. Mimi nilikuwa mtoto wakati ule, sikuujua uso wake.

Nilitoka, nikaacha vyombo vyangu pale pale. Wiki mbili sikwenda. Kanisani nikadai naumwa. Kisha nikarudi, na sitakudanganya kwamba ulikuwa upendo. Nilitaka nimwone akifa. Nilimlisha uji bila kumtazama. Lakini nilimwosha mgongo, nikambadilishia shuka, na Ijumaa moja nikajisikia nikimwambia ajikaze, ale, atapona. Nilikuwa namaanisha.

Aliniomba jambo moja tu: nikuulize kama unaweza kumsamehe. Kila nilipofika aliuliza, "Mama amesemaje?" Nikajibu bado. Ukweli ni kwamba sikukuuliza. Nilikupigia mara nyingi, nikaishia kuzungumza habari za mvua.

Jumapili, nilipopita baada ya ibada, nilimkuta hawezi kuinua kichwa. Aliuliza kwa macho. Nikamwambia, "Mama amekusamehe. Amesema upumzike."

Akashika kidole changu. "Mwambie asante," akasema. Hakusema lingine tena.

Hilo ndilo ninaloliungama kwako. Msamaha ule haukuwa wangu kuutoa. Wewe ndiye uliyemwosha Wanyera damu, wewe ndiye uliyeacha nyumba yako kwa sababu hukuweza kupita lile shamba. Nilikuwekea mdomoni neno ambalo huenda usingelisema maisha yako yote, nikampa nalo amani aliyemuua mwanao. Na kama ningekuwa pale tena, akiniangalia vile, sijui kama ningenyamaza. Hilo linanitisha kuliko uongo wenyewe. Makaburini mchungaji alinishukuru mbele ya watu kwa moyo wangu. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumamosi nitapanda teksi ya asubuhi nije. Nitabisha hodi. Usipofungua, nitakaa barazani mpaka jua lipungue, kisha nitarudi Mbale, na sitasema umekosea.

Wasalimie majirani. Dada Kadija, ukimaliza kusoma, usimwache peke yake. Kaa naye kidogo.

Ni mimi binti yako,
Khainza