Shemeji Krijn Ameinuka Kwenda Mezani

Tholen, Zeeland
16 Machi 1954

Mpendwa kaka Marinus,

Nakusalimu wewe, wifi Jannetje na watoto. Huku tu wazima, ila kifua cha Mama bado kinambana asubuhi. Je, mguu wako ulioteguka umepona? Na theluji ya huko Kanada imeanza kuyeyuka?

Viazi vya mbegu vimechipua darini, lakini shamba la chini bado lina chumvi ya mafuriko. Hatutapanda huko mwaka huu.

Sasa nikueleze kinachoninyima raha. Jumapili ya tarehe saba tulikuwa na Chakula cha Bwana. Unakumbuka ilivyo kwetu: kanisa limejaa, lakini wanaoinuka kwenda mezani hawafiki kumi na wawili, wale wenye hakika kwamba Mungu aliwachagua kabla hajaumba dunia. Sisi wengine tunabaki kwenye mabenchi tukimumunya peremende na kungoja kuitwa. Safari hii aliinuka shemeji Krijn. Alipita katikati ya watu wote, akaketi, akala mkate.

Kusema kweli nilimshuku. Dada yetu Leuntje, mkewe, alikuwa mcha Mungu kuliko sisi sote, na hakuthubutu hata mara moja mpaka maji yakamchukua mwaka jana. Huyu aliyekuwa akisinzia wakati wa mahubiri ameonyeshwa nini, na lini? Niliwaza labda anataka cheo cha mzee wa kanisa. Niliwaza na baya zaidi: kuna jambo anataka kulifunika. Siku ya mafuriko walipanda paani wawili, akashuka mmoja.

Kesho yake akaja Mzee Wisse wa baraza la kanisa. Wazee nao wanashuku. Akaniambia, "Mina, wewe ni ndugu yake. Nenda kamsikilize vizuri. Ameitwa, au amejiita mwenyewe?"

Nilimkuta Krijn jikoni anamenya viazi. "Umekuja kunisalimu," akasema, "au umetumwa na Wisse?" Sikumficha. Nikamuuliza alipewa ishara gani. Akajibu kwamba hakupewa yoyote. Hapo nikajua nimemkamata.

Ndipo akanisimulia. Ilikuwa ile Jumapili ya mafuriko, mchana, maji yanarudi kwa mara ya pili, nao wameng'ang'ania bomba la moshi, vidole vimekufa ganzi. Leuntje hakulia. Alimwambia, "Miaka ishirini mkate uko mbele yangu, Krijn, nami nangoja jina langu liitwe. Heri ningeinuka tu." Baadaye mikono yao ikaachana. Krijn anasema hajui ni nani aliyeachia. Alilisema hilo bila kunitazama.

"Kwa hiyo umeenda kwa ajili yake?" nikamuuliza.

"Nimeenda kwa sababu nina njaa, Mina. Kama simo kwenye hesabu ya wateule, Mungu ataniondoa mwenyewe. Wisse asimtangulie."

Kaka, maneno hayo ya Leuntje hakuna mwingine aliyeyasikia, na yanamfaa Krijn kupita kiasi. Ila nilipoyasikia nilimsikia dada. Wewe na yeye mlikua pamoja, mkilala chumba kimoja. Angeweza kuyasema? Niandikie ukweli, usinifariji.

Jumamosi Wisse alirudi kuchukua jibu. Nikamwambia sina neno dhidi ya Krijn. Akanibana: kwa hiyo ameitwa? Nikamjibu, "Mimi sijui, Mzee Wisse. Na wewe hujui." Akavaa kofia akaondoka. Tangu siku hiyo mke wake ananipita dukani kama hanijui, na Krijn naye hajui kwamba nilimtetea. Wala sina hakika kama nilimtetea yeye au marehemu.

Meza itaandaliwa tena mwezi Juni. Juzi, baada ya ibada, nilibaki nyuma nikatembea kutoka benchi letu hadi pale mbele. Ni hatua kumi na tisa. Nilipogeuka, Mama alikuwa amesimama mlangoni ananitazama, na macho yake ndiyo yale yale niliyokuwa nikimtazama nayo Krijn.

Nisalimie wifi, na mdogo wetu Job ukimwona. Mama anawabariki nyote. Bwana awafunike kwa mkono wake huko mliko, na awape mavuno mema.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na nikukumbukaye kila siku,
Mina