Ile Kanga Iliyo Sandukuni

Mwanza

Mama, shikamoo.

Goti linaendeleaje? Na mahindi ya bondeni, mto Mkondoa haujayafuata mwaka huu? Mimi ni mzima wa mwili, ila usingizi umenikimbia, ndiyo maana nakuandikia. Simu yako huwa unaiweka spika hata nikikukataza, na haya si ya kusikilizwa na Kidete nzima. Soma ukiwa peke yako.

Uliponiuliza maabara tunapima nini, nilikudanganya kuwa napima maji. Mama, napima nguo za wanawake na watoto waliobakwa. Polisi wanazileta kwenye bahasha za kaki. Nazimulika kwa taa ya bluu katika chumba cha giza, nimevaa miwani ya rangi ya chungwa, na madoa yasiyoonekana kwa macho yanang'aa. Hata maziwa hung'aa, kwa hiyo nakata kipande, nadondoshea dawa, nangoja kuona kama kitageuka zambarau. Kikigeuka ndipo tunatafuta vinasaba vya mwenye doa. Mengi nimeyazoea. Nisichokizoea ni bahasha inayofunguliwa ikanukia sabuni ya mche.

Hapo hapo narudi nyumbani kwa mawazo. Namwona mdogo wangu Roda ameketi kwenye kigoda, wewe unamwogesha huku unasema, "Mtu hapelekwi hospitali mchafu, watatuonaje?" Mimi ukanipa kanga yake nikaifue mtoni. Niliisugua kwenye jiwe mpaka vidole vikachubuka. Tulipokwenda polisi kuchukua fomu ya PF3, askari akauliza nguo iko wapi, nami nikajibu kwa fahari kabisa, "Tumeshaifua, afande." Akafunga daftari. Alisema ushahidi umekwenda na maji, na yule mtu aliyembaka Roda akarudi kwenye mashine yake ya kusaga. Mpaka leo unabeba mahindi yako hadi Munisagara ili usimwone. Na kila anayeuliza unamwambia uliifua wewe.

Wiki iliyopita ililetwa kanga iliyofuliwa. Nilishaanza kuandika kwamba haifai. Mkubwa wangu wa kazi, mama mmoja mkali asiyejua kucheka, akasimama nyuma yangu. "We Eliwaza, nani kakwambia maji yanamaliza kila kitu? Hebu pima!"

Nikapima. Kwenye pindo, ndani kabisa ya nyuzi, mbegu za mwanamume zilikuwepo. Nilitoka nje nikalia kama mtoto, mama. Wenzangu walidhani nimefiwa.

Najua ya Roda hukuitupa. Iko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na jua halijaiona, maana uliianika chumbani ili majirani wasiulize. Miaka saba ni mingi. Siahidi kitu, huenda kweli hakuna kilichobaki, na naogopa jibu hilo kuliko unavyodhani. Lakini tusipojua, nitaendelea kuisuuza hiyo kanga kila nikifumba macho.

Kwanza mfuate Roda huko Kilosa kwenye cherehani yake, muulize mkiwa wawili tu. Akisema hataki kuyafufua, iachwe, wala tusimlaumu. Akikubali, usiifue, usiikung'ute, usiianike. Ifunge kwenye karatasi safi, si mfuko wa nailoni, isije ikaota ukungu, kisha mwende nayo wote wawili kwenye dawati la jinsia pale polisi. Ikifika maabara mimi sitaruhusiwa kuigusa, kwa kuwa ni ndugu. Afadhali, maana nilishaigusa ya kutosha.

Nisalimie baba mdogo mpiga kengele wa kanisani, na shangazi wa Ruaha akija na miwa yake. Roda mshike mkono tu, mwambie ni wa dada yake.

Na mkifika huko wakauliza nani aliifua, mama, usijibebeshe tena. Watajie jina langu.

Ni mimi mwanao niliyeifua,
Eliwaza