Sanduku Lisilohitaji Macho Yangu

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Lynn niliyekaa naye dawati moja miaka minne: mimi namwelewa Madam.

Madam ni sauti iliyo ndani ya simu ya Baba. Baba haoni tangu akiwa na miaka minne, na Madam humsomea kila anachokigusa kwenye skrini. Amemwekea kasi ya ajabu. Mgeni akimsikia hudhani simu imeharibika — ni kama mahindi yanayomwagwa kwenye sufuria. Basi Baba haoni haja ya earphone hapa nyumbani. Ujumbe wa WhatsApp, umbea wa wanakwaya, yote yanasomwa hadharani kwa sababu anaamini hakuna anayeelewa. Mama haelewi. Mimi nilianza kuelewa nikiwa darasa la saba. Sikukusudia! Ilinijia tu. Nikachelewa kusema, na sasa nimechelewa sana.

Leo diski nyingine imekufa.

Wengine wana albamu za picha, sisi tuna sauti. Baba hurekodi kila kitu: kwaya, mazishi, mvua kwenye mabati, treni ya asubuhi ikiingia Ruiru, kisu cha mchoma nyama pale Kamakis kikigonga ubao. Zote ziko kwenye diski kumi na moja ndani ya mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia, kila moja na kibandiko chake cha breli. Aliyotaka kuifungua leo ilikuwa na harusi yao. Ikalia tik, tik, tik, ikanyamaza. Baba akaishika kiganjani muda mrefu kama kifaranga. Nusu ya ile harusi Auntie Nduku anayo kule Thika; yeye na Baba walisoma pamoja na hupeana nakala. Nusu nyingine, basi.

Akasema imetosha. Atanunua lile sanduku la diski mbili linalounganishwa na router. Kila kitu kinaandikwa mara mbili, diski moja ikifa nyingine ipo, na yeye anasikiliza kwa simu akiwa popote. Sharti ni moja: aliendeshe mwenyewe. Hili halitaki kuazima macho, akasema.

Kuazima macho ni kazi yangu. Tangu nikiwa na miaka sita. "Maxi, niazime macho" — nami nakimbia, nasoma barua, rangi ya soksi, tarehe kwenye pakiti ya maziwa.

Tarehe 25 naripoti chuo, Eldoret. Mimi, ambaye siwezi kununua mkate kabla ya kufanya mazoezi ya maneno mlangoni! Na nimekuwa nikifikiria hivi: Baba akinihitaji sana, labda nitabaki mwaka mmoja. Nani atanilaumu?

Jumapili, 3 Agosti

Baba alitangaza sanduku mbele ya chapati. Mama akasema wenzake hapa Mwiki wananunuliwa sofa, yeye ananunuliwa sanduku la kuwekea kelele.

"Selpha," Baba akasema, "nusu ya hizo kelele ni zako."

Mama alicheka mpaka chai ikamwagika. Baba akauliza kama kuna aliyerekodi hicho kicheko.

Jumanne, 5 Agosti

Nimefanya jambo baya.

Baba alinipa laptop nimtafutie masanduku yanayouzwa karibu, nimsomee bila chumvi. Nilipata matatu. La kwanza lina kioo kidogo mbele kinachoandika kila kitu. Zuri kweli, lakini ni la mwenye macho. La pili ni nusu kwa nusu, kurasa za app yake zina picha zisizo na majina. La tatu ni jeusi, baya, kama tofali. Ila kwenye jukwaa moja la wasioona, mtu ameandika kwamba alilifungua, akaliwasha na kulipanga peke yake kwa simu, mwanzo mpaka mwisho. Kila kitufe kina jina. Hata lina mlio: mmoja ni salama, miwili kuna shida.

Nilisoma hayo mara tatu. Halafu nikamsomea Baba la kwanza na la pili.

"Ni hayo mawili tu?"

"Mawili tu."

Nikaongeza kwamba la kwanza lina kioo kizuri.

"Kizuri kwa nani, Maxi?" Akacheka. Kisha akasema asante, nimemsaidia sana.

Hiyo asante!

Jumatano, 6 Agosti

Sikula. Mama anadhani ni malaria.

Jumamosi, 9 Agosti

Thika, dukani kwa Kiama, anayeuza vifaa vya kompyuta. Auntie Nduku alitungoja mlangoni na fimbo yake nyeupe na lipstick nyekundu. Naye haoni. Alikuwa opereta wa simu kiwandani miaka ishirini na minane, na bado huongea kana kwamba kuna laini tatu zinazomsubiri.

Kiama aliniangalia mimi. "Mzee anataka gani?"

Nikakauka. Mimi hukauka hivyo hivyo, hata nikiulizwa jina.

"Mzee anataka kwanza aulizwe yeye," Baba akasema. "Halafu anataka sanduku."

Kiama aliomba radhi mara nne, zote kwa sauti ya juu. Auntie akamwambia masikio yao hayana neno, yako salama.

Wakajaribu lile la kioo. Kiama alikuwa ameliunganisha tayari, Baba akaweka app kwenye simu yake na kuanza kupapasa. Madam akasoma: kitufe. Kitufe. Kitufe. Kitufe kisicho na jina.

"Ni kama mkutano wa machifu," Baba akasema. "Kila mtu anaitwa Chief, na hujui utamsalimia nani."

La pili halikuongea kabisa. Baba akaguna. Nikaona anaanza kukata tamaa, na moyo wangu — niandike ukweli — ukaruka kwa furaha. Halafu ukaona haya.

Wakati huo Auntie Nduku alikuwa anapitisha mikono kwenye rafu ya chini kama mtu anayechagua parachichi. "Kiama, hapa umeficha nini?"

"Hiyo haijawahi kuulizwa, mama."

"Sasa imeulizwa."

Tofali jeusi! Kiama akaliunganisha. Likalia mara moja, piii. Baba akaweka app yake, na Madam akaanza kumwagika: washa, zima, diski ya kwanza, diski ya pili, ongeza mtumiaji, rudisha faili. Kila kitu na jina lake. Uso wa Baba! Sijawahi kuuona hivyo, hata siku ya matokeo yangu.

Akageuka upande wangu. "Maxi, hili halikuwa kwenye orodha?"

"Halikuwa, Baba."

"Hmm," akasema.

Hmm tu! Auntie Nduku akanishika mkono, akaubonyeza mara moja, kama anayeunganisha laini. Sijui alijua nini. Mikono yangu ilikuwa na jasho.

Jumatatu, 11 Agosti

Baba hajauliza. Ananitania kuhusu mambo mengine yote. Angeuliza, ningekiri. Nadhani.

Alhamisi, 14 Agosti

Leo Baba amelipanga sanduku. Alinitoa sebuleni. "Nenda ukaote jua. Leo macho yako yako likizo."

Nikakaa kwenye ngazi nje ya mlango. Mlango ulikuwa wazi. Nilimsikia akigusa diski kwa vidole, akizipachika, akiimba bass ya wimbo wa kwaya bila sauti nyingine yoyote. Kuna mahali alikwama kwenye password. Nikasimama. Hakuniita. Nikakaa tena.

Piii. Mara moja.

Baba akapiga makofi peke yake. Mama akapiga kelele kutoka jikoni: kama sanduku limeshaokoka, lije limsaidie kukata sukuma.

Halafu ujumbe ukaingia, na Madam akausoma kwa kasi yake yote. Ulitoka kwa Auntie Nduku.

Nauandika kama nilivyousikia. Jeconia, huyo mtoto aliliona sanduku, akaficha. Nilishika mkono wake. Usimuulize. Haogopi sanduku, anaogopa Eldoret.

Baba akaanza kujibu. Huandika kwa vidole vitatu kila upande, kwa breli, juu ya kioo cha simu. Na kila neno analomaliza, Madam hulirudia.

Najua. Tangu Jumanne ile. Alisifu kioo.

Kisha: Ndiyo maana nimelinunua. Nikimhitaji hataondoka.

Kisha, baada ya muda mrefu: Lakini nyumba itakuwa kimya Nduku.

Madam alisoma hayo bila hisia, kama anayesoma bei ya unga. Nilibaki kwenye ngazi mpaka jua likahama. Siwezi kumwambia Baba kwamba nimesikia. Nikisema hivyo, lazima niseme pia nimekuwa nikisikia tangu darasa la saba.

Jumapili, 17 Agosti

Sauti za diski kumi zimehamia kwenye sanduku. Auntie Nduku ametuma nusu yake ya harusi kutoka Thika. Inaanza katikati ya hotuba, kwa hiyo hatutajua kamwe babu alimsema nani. Mama anasema anamjua vizuri sana.

Kuna folda inaitwa MAXI. Baba aliichezesha baada ya chakula. Siku yangu ya kwanza shuleni: ninalia, mwalimu ananiuliza jina, ninalia zaidi. Halafu sauti ya Baba, changa, ikisema taratibu: mwambie, Maxi, ni jina tu, halitaisha. Kisha sauti ndogo sana: "Maxine."

"Ulilisema," Baba akasema leo. "Liko hapo, limeandikwa mara mbili."

Akanifundisha kutuma sauti kwenye sanduku nikiwa mbali. Anataka kusikia Eldoret. Mvua yake, ng'ombe wake, mlango wa hosteli ukifungwa vibaya. Na mimi nikimwomba mtu chumvi.

Nikasema nitajaribu. Ndiyo mara ya kwanza nimesema "nitajaribu" kuhusu Eldoret. Mama aligeuka kuniangalia. Sikurudia.

Jumatano, 20 Agosti

Nimenunua ndoo, kufuli na blanketi. Maneno ya dukani niliyafanyia mazoezi mara mbili tu. Kufuli limegoma kufunguka. Baba amelifungua kwa kulisikiliza.

Ijumaa, 22 Agosti

Stima zilipotea mchana. Nilikuwa chumbani napanga nguo, Mama yuko salon, Baba sebuleni na redio ya betri. Zikarudi kama saa kumi. Nikasikia sanduku likiamka: piii, mara moja. Salama.

Kisha Baba akafungua app. Madam hakupunguza sauti wala kasi: diski ya kwanza nzuri, diski ya pili nzuri, hakuna faili lililopotea, taa ya mbele ni ya kijani.

Redio ikazimwa.

"Maxi!"

"Naam, Baba."

"Hebu niazime macho. Hiyo taa ya mbele ni ya rangi gani?"

Niliacha sweta kitandani. Nikapiga magoti mbele ya sanduku, karibu kabisa na magoti yake. Taa ndogo, kama mbegu ya papai. Niliitazama muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Kijani, Baba."

"Una hakika?"

"Ngoja niangalie tena."

"Angalia. Hakuna haraka."

Bado niko hapa sakafuni. Naandika daftari likiwa gotini, naye ananyoosha mkono kuutafuta mkebe wa diski za zamani, eti tuvihesabu vibandiko pamoja. Wewe daftari, umesikia yote aliyosema Madam. Nakuomba: usimwambie Baba kwamba nilisikia, na usimwambie mtu mwingine kwamba yeye alikuwa ameshaijua rangi ya taa kabla hajaniita.