Mama Anayemsuka Flaviana

Pearland, Texas,
20 Julai 2025.

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Shikamoo ya pili ni ya mwanangu Lenny, ambaye amesimama hapa begani kwangu akaitamka vizuri kabisa, kisha akarudi kwenye Kiingereza chake. Mgongo unaendeleaje? Kaka Deo ameniambia umeanza tena kuinamia maharage ilhali daktari alikukataza. Mama, hao wajukuu wa kupalilia wanakula bure? Na macho je? Miwani yako najua umeifunga kwa uzi, usinifiche. Bwana Absalom, Mtanzania mwenzetu wa hapa, anakuja Muleba kwenye harusi ya mdogo wake. Nimempa miwani mpya, dawa ya kuchua na barua hii. Nimeandika kwa herufi kubwa ili usimwite jirani akusomee, maana humu mna mambo yako.

Sisi wote wazima. Joto la mwezi huu ni la kukaangia, usukani wa gari haushikiki mpaka uufunike taulo. Mkweo Wilbroad anaendelea na kazi yake, na tumbo lake ni lile lile ulilolisema, nitafika hapo. Lenny ataingia darasa la nne mwezi ujao. Ndizi tunazifuata Alief kwenye duka la Waafrika, ila zikifika zimechoka kuliko mimi nikitoka zamu.

Sasa lile jambo. Nilikuambia kwenye simu kwamba kuna kitu cha kanisani kimenikaa vibaya, niombee, nikashindwa kusema zaidi. Umeombea wiki kadhaa bila kujua unaombea nini. Limekwisha, Mama, na limekwisha vizuri. Kaa kitako nikueleze tangu mwanzo.

Kuna kanisa Fort Worth, mwendo wa saa nne na nusu kwa gari kutoka hapa, linalosomesha yatima wa parokia moja huko Karagwe. Wafadhili ni wazee wa Kimarekani, kila mmoja na mtoto wake. Watoto huwaandikia mara mbili kwa mwaka, na mimi ndiye ninayezitafsiri barua hizo, Jumamosi, bure, kwa ajili ya Mungu na kwa sababu napenda kusoma Kiswahili kilichoandikwa kwa mkono wa mtoto.

Mwaka wa kwanza tu niliboronga. Mtoto alianza kama sote tulivyofundishwa: mimi ni mzima, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali nami. Nikalitafsiri neno kwa neno. Mfadhili wake, Bi Lorraine, mama mzee aliyestaafu kazi ya maktaba, akanipigia simu sauti inatetemeka, anauliza huyu mtoto anamwogopa kwa lipi na ana mashaka gani naye. Tulicheka mpaka machozi. Ningekuwa na akili ningejifunza siku ile ile.

Mtoto mwenyewe anaitwa Flaviana. Yuko kidato cha tatu, anakaa bweni, anataka kuwa mpima ardhi, na mwandiko wake umelala kama unataka kusinzia. Bi Lorraine hakujaliwa kuzaa. Picha ya Flaviana ameibandika kwenye friji, na fomu yake anaijua kwa moyo: baba amefariki, mama amefariki. Mpango wao unachukua waliofiwa na wazazi wote wawili tu. Ndiyo sheria yao, na mpaka hapo hakuna ubaya.

Barua ya Pasaka ya mwaka huu Flaviana aliandika hivi: "Mama alinisindikiza shuleni akanibebea godoro kichwani. Mama anakusalimu sana na anakuombea. Mama amesema nikifunga shule atanisuka mwenyewe." Nami nikatafsiri. Mama, mama, mama. Sikukosea hata herufi.

Siku chache baadaye kamati yao ikaniuliza kwa simu ya maandishi: ni kweli mtoto ameandika mama? Nilikuwa kazini, dakika zangu za kupumzika, sambusa mkono mmoja na simu mkono wa pili. Nikajibu mstari mmoja: ndiyo, ameandika mama, tafsiri ni sahihi. Nikamalizia sambusa yangu. Wala sikujiuliza wanauliza kwa nini.

Mwanzoni mwa Juni wakaniletea barua nyingine ya kutafsiri, safari hii kutoka kwao kwenda kwa mtoto. Ilikuwa na adabu zote. Ilisema kwa kuwa imebainika mama yako yu hai, na fomu yako ilisema amefariki, kanisa halitaweza kuendelea kukusomesha baada ya likizo hii, tunakutakia heri. Mama wee! Nilikaa chini sakafuni jikoni kwangu, mimi na umri wangu huu. Mtoto anafukuzwa shule kwa kalamu yangu, na wananiomba niimalizie kazi kwa kalamu hiyo hiyo!

Nikaitoa barua yake nikaisoma upya, polepole, kwa sauti, kama unavyosoma wewe. Chini kabisa, baada ya salamu zote, alikuwa ameandika: "Mama ana watoto wake watatu, na mimi wa nne." Nilikuwa nimeutafsiri mstari huo nikaupita. Mtoto gani aliyezaliwa na mama anajihesabu pembeni ya watoto wa mama yake?

Nikampigia Padre Vital, yule tunayefahamiana naye tangu zamani, ambaye sasa ndiye paroko wa kule. Nikamuuliza, "Padre, huyu mama wa Flaviana ni nani?"

"Mama yake mdogo," akasema. "Mdogo wa marehemu. Alimchukua siku ya mazishi, na hajamwacha tena. Kwani kuna nini?"

Nikamweleza. Kisha akasema, "Hata wewe, Melania?"

Mama, angenitukana ningeona afadhali. Nililia siku hiyo kwa aibu, na Wilbroad akaniuliza nani amekufa.

Niliwaandikia kamati haraka kwamba nimekosea, huyo ni mdogo wa mama yake. Mwenyekiti wao, mzee mmoja wa haki lakini mgumu, akanijibu kwamba nilishathibitisha kwa maandishi, na kwamba mtoto akibanwa watu hawakosi kumgeuza mama yake kuwa ndugu tu. Kama nina la kusema, nije mwenyewe kwenye kikao cha Jumapili ya mwisho ya Juni. Na shule inafunguliwa Julai. Nilihesabu siku kwa vidole, na hapo ndipo nilipokupigia kukuomba sala.

Wacuka, yule rafiki yangu Mkenya muuguzi anayekaa Sugar Land, akakataa nisiendeshe peke yangu. Alinipitia kabla jua halijawaka. Njiani nilikuwa najifunza hotuba yangu, na yeye anaibomoa.

"Sasa utawaambia mama mdogo? Kwa Kizungu?" akasema. "Hao watafikiria ni mama mfupi."

"Basi nitasema nini?"

"Mimi sijui. Lakini usilie mbele yao. Ukilia watakuletea keki na hawatasikiza."

Kweli nilianza na hotuba. Nikaeleza mila, nikaeleza ukoo, kwamba kwetu mdogo wa mama ni mama na dada wa mama ni mama, na kwamba Kiingereza kina neno moja tu la kuwachanganya hao wote pamoja na shangazi. Wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima, kama watu wanaosubiri chakula. Nikaona maneno yangu yanaanguka chini moja moja.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo nakuomba radhi. Kwenye mkoba nilikuwa na barua yako ya Januari, huwa natembea nayo. Nikaitoa nikawasomea, sentensi kwa sentensi, naitafsiri papo hapo. Yote, Mama. Kahawa kuchelewa kuiva. Mgongo wako. Pale uliposema Wilbroad apunguze tumbo la sivyo utakuja kulipunguza mwenyewe kwa mwiko. Walicheka sana hapo, na Wacuka akapiga meza. Na pale mwisho: mwanangu, usilale na njaa kwa ajili ya kuchoka, hata uji ni chakula.

Bi Lorraine akafuta macho akasema, "Mama yako ni mtu mzuri."

Nikawauliza, "Kuna mtu hapa ana shaka kwamba huyu ni mama yangu?"

Hakuna aliyekuwa nayo, hata mwenyekiti.

Nikasema, "Mama yangu alifariki nikiwa na miaka minne. Huyu ni dada yake. Tangu siku hiyo sijawahi kumwita jina jingine, wala yeye hajawahi kuitikia jingine. Mkinipa fomu yenu sasa hivi nitajaza kwamba mama amefariki, halafu nitoke hapo nje nimpigie mama simu. Niambieni ni wapi nimesema uongo."

 

Nikamalizia, "Mtoto ameandika Kiswahili safi. Mimi ndiye niliyekisahau. Kama kuna wa kuadhibiwa, nitafutieni adhabu mimi, yeye arudi shule."

Bi Lorraine akavua miwani yake. Nilijua alikuwa ameumizwa, alikuwa amebandua hata ile picha kwenye friji. Akaniuliza jambo moja tu. "Huyo mama yake, atamsuka kweli, kama alivyosema?"

"Akisema atamsuka, atamsuka," nikamjibu.

"Basi ashukuriwe Mungu," akasema. "Miaka mitatu nimekuwa nikimwombea mtoto huyu nikiamini hana mtu wa kumgusa kichwa."

Hapo nikalia, nikamwangalia Wacuka, naye analia, na kweli keki ikaletwa. Mwenyekiti akaita kura, mikono yote ikapanda, wa kwanza ulikuwa wake. Mzee wa watu alinifuata mpaka kwenye gari, kofia mkononi, akaniomba niongeze mstari kwenye fomu ya watoto ili jambo hili lisirudi. Niliuandika juu ya boneti ya gari, nikaunguza kiwiko: Je, kuna mtu unayemwita mama? Ni nani?

Kurudi nyumbani Wacuka aliendesha na mimi nikalala njia nzima, mdomo wazi. Sikuwa nimelala hivyo tangu Juni ianze.

Shule ilipofunguliwa, Padre Vital alinitumia picha. Flaviana yuko getini na sare yake, amesukwa twende kilioni, mistari imenyooka kabisa, na pembeni yake mama mwembamba anacheka, amemshikia ndoo. Ile barua ya kumfukuza haikumfikia na wala hajui kama iliandikwa. Tumekubaliana abaki hivyo hivyo. Bi Lorraine ameirudisha picha yake kwenye friji na ameomba hii mpya pia, aiweke kando yake. Anataka kujua yule mama anapenda kitambaa cha rangi gani.

Nisalimie kaka Deo na mkewe Clothilde, uwaambie nimepata senene walionitumia na kwamba Lenny alimkimbia wa kwanza, wa pili akamla, na sasa nalazimika kumfichia. Wasalimie wanajumuiya wote, hasa wale kina mama wanaokuja kukutazama ukiumwa. Mungu akulinde utokapo na uingiapo, akupunguzie maumivu ya mgongo, nawe umsaidie kwa kuacha maharage.

Nimebakiza jambo moja ambalo nilikuwa naliogopa. Kesho yake baada ya Fort Worth, Jumatatu, nilikwenda ofisi ya wafanyakazi pale hospitalini nikaomba fomu niliyoijaza nilipoajiriwa, miaka kumi na moja iliyopita. Ile ya watu wa kupigiwa simu nikipatwa na neno. Wa kwanza ni Wilbroad, wa pili ni wewe. Na mbele ya jina lako, Pelagia, palipoulizwa ni nani kwako, nilikuwa nimeandika lile neno lao moja, la shangazi na mama mkubwa na wote. Niliandika mimi, kwa mkono wangu, ili nisiwasumbue kwa maelezo. Na wewe ukiulizwa una watoto wangapi, siku zote umejibu watano, na mimi nimo. Nisamehe, Mama. Nimelikata neno lile. Nimeandika mama.

Kwa hiyo siku moja, Mungu apishe mbali, simu ikilia na mtu akazungumza Kiingereza, usiikate ukadhani ni matapeli. Atauliza kama wewe ni mama yake Melania. Wewe mjibu ndiyo.

Wako akupendaye, mwanao wa tano,
Melania