Gari ya Pitshou na Pikipiki ya Okot

Kisenyi, Kampala
14 Aprili 2025

Mpendwa mdogo wangu Emérence,

Habari za huko Uvira? Mgongo wako unaendeleaje, na kuku wamebaki wangapi? Mimi niko mzima, magoti tu yananisumbua mvua ikinyesha, na mwezi huu mvua haitaki kutuacha. Simu yako haipatikani, kwa hiyo jirani yangu Victoire, yule wa kwaya, anashika kalamu na mimi nasema. Ananiambia nisimkimbize. Sasa nitatulia namna gani?

Mtoto wako Esperance bado hajajifungua. Anakula vizuri, miguu imevimba kidogo. Daktari alisema ni wiki hii. Wewe uliniomba: dada, siku hiyo usimwache peke yake, umshike mgongo mahali pangu. Nikakubali. Lakini hospitali iko upande wa Nakawa, na jamu ya magari hapa asubuhi, ukiiona utalia. Tangu wiki iliyopita mimi nasimama mlangoni, nakaa, nasimama tena.

Mume wake Pitshou, si unajua ni fundi wa gereji, anasema mke wake atakwenda na gari. Gari gani? Ile ya mbio, ya zamani kuliko yeye mwenyewe, milango miwili, imelala chini kama mjusi. Aliikuta imeoza, akaifufua. Okot wa bodaboda hapa kwetu akasema hiyo gari itamzalisha njiani, bora pikipiki. Wakaanza kutukanana hapo uani. Nikasema nyamazeni nyote, nitapanda zote mbili mimi mwenyewe, nijue.

Nilianza na gari. Kuingia ni kama kushuka kisimani. Nguvu iko, unaisikia kwa tumbo, na mvua haikugusi. Pitshou akajisifu, "Mama, hii ikichomoka hakuna wa kuifikia!" Ikachomoka kweli, ikafika nyuma ya mkokoteni wa matoke, ikabaki hapo. Mwenye mkokoteni akageuka akatucheka. Na kutoka ndani, wamama wawili walinivuta mikono.

Kesho yake, Okot. Nikakaa upande, miguu pamoja, kitenge nimefunga vizuri. Akaniita bibi kwa Kiganda, "Jaja, nishike kiuno, mimi siumi!" Ee, mdogo wangu, ile kitu inapita mahali hata mbuzi hapiti! Lakini kila shimo nililisikia mpaka kwa meno, na tope lote usoni. Mwenye mimba akae pale? Hapana.

Basi nikasema gari. Ndipo Esperance akauliza, "Na Mama Mkubwa atakaa wapi?" Nikaenda kuchungulia nyuma. Kumbe Pitshou alitoa kiti cha nyuma, akaweka spika za muziki! Vimebaki viti viwili tu. Nilimsema mpaka majirani wakatoka. Yeye atashika usukani, mgongo wa mtoto wako utashikwa na spika?

Sikulala vizuri. Halafu nikakumbuka wakubwa wa serikali wanavyopita hapa, pikipiki inatangulia na honi, watu wote wanakimbia pembeni. Basi na sisi hivyo hivyo. Okot mbele na mimi nyuma yake, gari inatufuata, tunafika pamoja. Kofia ya pikipiki iko hapa mapajani. Esperance akikohoa tu nasimama. Ngoja, Victoire, weka kalamu chini, ananiita.

Mama Emérence, hapa ni mimi Victoire, namalizia. Leo ni Jumatano. Chupa ilipasuka pale pale tulipoachia. Dada yako, Mama Nabintu, alitangulia na Okot, akipiga kelele njia nzima, "Tokeni! Tunazaa!" Watu wakatoka, hata askari wa barabarani akasimamisha magari. Hospitalini Mama Nabintu alimshika Esperance mgongo mpaka mwisho. Ni mtoto wa kike. Wote wawili wazima.

Sasa sauti imemkauka kabisa, ananionyesha kwa mikono niandike nini. Anamsalimia Hippolyte, anamsalimia Monique na watoto wake, na Mungu akuwekee mkono juu ya nyumba yako mpaka muonane. Nimemuuliza, mwishowe ipi bora? Ameonyesha pikipiki. Halafu amemwangalia mtoto, akaonyesha gari. Kofia bado hajavua.

Wako akupendaye bila kuchoka,
Dada yako Nabintu