Mama Hafi Kitabuni

Nyumba ya kona,
Nyuma ya stoo ya mbao.
14 Agosti.

Mpendwa kaka,

Kwanza habari zako, za wifi na za mapacha. Kile kikohozi cha wifi kimepona? Sisi huku wazima. Mama goti linamsumbua akipanda ngazi, ila ulimi ni mzima, tena una nguvu kuliko mwaka jana. Nimeamua kukuandikia kwa kalamu, maana kwenye simu ningeandika maneno ya kujutia.

Unakijua kitabu nilichojichapishia, cha maisha ya mama alipokuwa dobi wa hospitali. Miaka mitatu niliamka alfajiri kuandika kabla ya kwenda kushona. Nikakipeleka mwenyewe kwa mpiga chapa, nikabeba maboksi mwenyewe. Mwandishi wa aina yangu hana wa kumpigia debe, kwa hiyo kila mtu aliniambia: mpelekee Mla Vitabu. Huyo ni bwana mmoja anayeandika kuhusu vitabu mtandaoni. Akisifu kitabu, watu wanakitafuta siku hiyohiyo. Nikampelekea nakala na barua ya kumbembeleza.

Siku nne tu, sifa zikatoka. Eti kalamu yangu ni ya dhahabu, eti kila ukurasa unatetemesha. Niliacha sindano ndani ya kitambaa nikaruka kama mtoto. Kisha nikafika chini: "Kifo cha mama katika sura ya mwisho kimenitoa machozi."

Kifo gani? Mama hafi! Sura ile inaitwa "Siku ya Mwisho" kwa sababu ndiyo siku aliyostaafu, akarudisha aproni na funguo za chumba cha kufulia. Yule mtu alisoma orodha ya sura tu, akamzika mama yetu.

Basi hapo mambo yakaanza. Jirani wa chini alikuja na uso wa msiba, na mama ndiye aliyemfungulia mlango. Jirani alipiga yowe mtaa mzima ukasikia! Wauguzi wa zamani wakapiga simu kuuliza mazishi ni lini. Mama akawa anapokea mwenyewe: "Bado sijapanga."

Nikamfuata Mla Vitabu kazini kwake. Anasaga vioo vya miwani nyuma ya duka, na vitabu vimerundikana mpaka juu ya mashine.

"Kitabu changu umekisoma?" nikamuuliza.

"Nimekipitia."

"Nionyeshe ukurasa anaofia mama."

Akafunua, akafunua tena. Halafu naye akapandisha sauti: "Dada, tazama hapo. Vitabu sitini na kitu! Kila mwandishi anataka sifa, tena upesi. Wewe mwenyewe uliniandikia nini?"

Akaitoa barua yangu. Niliomba "maneno mazuri kabla ya mwisho wa mwezi". Neno kusoma halikuwamo hata mara moja.

Kaka, nilitamani ardhi ipasuke. Lakini hasira haikunitoka. Kuombwa sifa si ruhusa ya kudanganya! Kuna watu wanaomwamini, wanajinyima wanunue kitabu kwa neno lake.

Nilipomsimulia mama, akatafuta viatu vyake. Kesho yake mchana akaingia pale dukani na kitabu mkononi, akakaa kwenye kiti cha wateja. "Mimi ndiye marehemu," akamwambia. "Soma, mwanangu. Sina haraka."

Siku sita, kila mapumziko ya mchana, yule bwana alimsomea kwa sauti. Na mimi sikupona, maana kila nilipokosea kitabuni mama alimkatiza. Mara mashine ya kufulia haikuwa ya kijani, mara yeye hajawahi kulia mbele ya msimamizi.

Wiki iliyopita Mla Vitabu alizifuta zile sifa, akawaomba radhi wasomaji wake, akaandika upya. Safari hii dhahabu hakuna. Anasema sura ya nne inachosha na baba anaongea kama mtu anayehutubia mkutano. Nikaichukua sura ya nne nimwumbue. Inachosha, kaka. Naiandika upya. Ila aliitaja pia ile sentensi ya mama kunusa viganja vyake njia nzima akirudi nyumbani. Nilikuwa nimeiandika mara kumi na moja, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniambia ameiona.

Sasa ni zamu yako. Wewe nilikutumia nakala ya kwanza kabisa. Kabla zile sifa za uongo hazijafutwa, nilisoma maoni ya watu chini yake, nikakuta jina lako: "Kweli kabisa. Hata mimi, mama alipofariki, nililia sana."

Kaka! Jumapili ya wiki hiyohiyo ulizungumza na mama nusu saa nzima!

Hajaona, na mimi sitamwambia. Lakini mwisho wa mwezi anakupigia, anataka kujua sura gani imekugusa. Nami nitakuwa nimekaa pembeni yake, nasikiliza.

Wasalimie wifi na mapacha, na mjomba kinyozi akipita hapo. Mungu awalinde nyote, na wewe akupe utulivu wa kukaa kitako usome.

Akupendaye, ingawa leo kwa shida,
Mdogo wako.