Mdoli Kwenye Chumba cha Bosi

Shoga, nimejifungia chooni ofisini, nacheka mpaka machozi!

Si unaukumbuka ule mfano wa ofisi yetu niliotengeneza kwa boksi kwenye darasa langu la jioni la kupanga vyumba? Leo nimemwonyesha bosi. Nilitaka aache chumba chake cha dirishani, ahamie ndani, ili mwanga utufikie sote.

Nafungua kifuniko hivi, mdoli wa mwanangu kalala kwenye chumba kipya cha bosi, kafunikwa leso gubigubi!

"Huyu nani?"

Nikaropoka, "Ni wewe, bosi."

NI WEWE, BOSI! Mimi huyu huyu, shoga!

Bosi akamchukua yule mdoli. Halafu akasema, "Kumbe huko ndani kunalalika? Basi nihamisheni."

Amekubali! Ukuta unavunjwa Jumatatu!

Ila mdoli, bosi kakataa kunirudishia. Binti yangu nitamwambia nini?